Fomu Sita za Jumapili

Nilimwendea nikiwa nimekasirika. Ndege yetu ilikuwa imecheleweshwa kwa saa mbili, na tulikuwa tunaiona kwa macho yetu kupitia kioo cha chumba cha abiria, imeegeshwa, imejazwa mafuta, haina kasoro. Mvua hakuna, ukungu hakuna. Nimekaa katika viwanja vingi vya ndege na nimesikia visingizio kwa lugha nyingi, na nimejifunza jambo moja: usimsumbue dada wa kaunta, yeye hupewa jibu lililokwisha kupikwa. Mtafute anayepanga zamu.

Mlango wake ulikuwa nyuma ya mzani wa mizigo. Ndani mlikuwa na meza, ubao mrefu wa ratiba uliojaa vipande vya karatasi za rangi, feni inayolalamika, na mzee wa miaka sitini hivi mwenye kovu dogo kidevuni. Ukutani palikuwa na benchi lililotandikwa godoro jembamba, na juu ya godoro kijana mwenye shati la rubani alikuwa amelala fofofo, viatu pembeni, mdomo wazi.

"Huyo ndiye rubani msaidizi wenu," mzee alisema kabla sijafungua kinywa. "Ukitaka nimwamshe muondoke sasa hivi, nitamwamsha. Ila niambie kwanza, wewe umekata kiti cha dirishani au cha njiani?"

Akanisogezea kiti.

"Wa akiba yuko njiani, anatoka kwake. Nusu saa, dakika arobaini. Kaa."

Nikamwuliza kama kijana yule ni mgonjwa. Akasema si mgonjwa, na wala hajachoka, kwa maelezo yake mwenyewe. Mchana huu ameingia hapa akisema yuko fiti. Ni kepteni wake aliyemtazama, akamwuliza maswali mawili matatu, akamwandikia sita.

"Hapa rubani hajiandikii," alisema. "Anaandikiwa na mwenzake. Zamani tulikuwa tunajiandikia. Mimi nilikuwa bingwa."

Hayo yaliyofuata alinieleza alasiri ile, na mengine nilipopita tena kwenye uwanja ule mwaka uliofuata. Sijaongeza kitu. Aliyasimulia akitazama ubao wa ratiba, na kila alipofika pahali pabaya alisogeza kipande cha karatasi ambacho hakikuhitaji kusogezwa.

Siku hizo alikuwa kepteni wa ndege za panga boi za abiria arobaini na wanane, zile zinazoruka mara nne kwa siku kati ya miji midogo, na alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Kila rubani kabla ya safari ya kwanza alijaza fomu ya nusu ukurasa yenye swali moja: unajionaje leo? Chini yake namba, moja hadi saba. Moja ni mtu aliye macho kabisa. Saba ni mtu asiyefaa hata kukaa. Ukiandika tano au zaidi, huruki, na mkuu wa marubani hakuulizi kitu. Ndivyo ilivyoandikwa, angalau.

Yeye aliandika mbili. Kila siku, mwaka hadi mwaka, mbili. "Moja ni ya waongo," alikuwa akiwaambia vijana, "na tatu ni ya walalamishi." Mafundi wa injini wakambatiza Kepteni Mbili, na jina likamkaa kama kofia.

Kitu ambacho mafundi hawakukijua ni kwamba fomu hizo hazikujazwa asubuhi. Zilijazwa Jumapili. Alikuwa akimaliza kupiga pasi mashati sita ya wiki, anakaa mezani, redio inasoma matokeo ya mpira, anachukua fomu sita na kalamu moja. Jumatatu, mbili, sahihi. Jumanne, mbili, sahihi. Mpaka Jumamosi. Anazitia kwenye bahasha, anaiweka ndani ya mkoba. Dakika nne zinatosha. Hakuona kama anadanganya. Mtu akishajijua, aliwaza, ana haja gani ya kujiuliza kila kukicha?

Mwaka huo binti yake mkubwa alirudi nyumbani na sanduku moja na kichanga cha wiki tano. Mambo yake na mumewe yalikuwa bado mikononi mwa wazee wa pande zote mbili, kwa hiyo ikakubaliwa kwamba habari isitoke nje ya geti. Kepteni hakumwambia mtu kazini, hata rafiki yake wa miaka yote, mkuu wa marubani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na mlango wa uani ulikuwa na komeo legevu. Ukiuachia unapiga kishindo. Kichanga kilikuwa na tumbo la kusokota. Kililia kuanzia saa nne za usiku hadi saa nane. Mama mtu alikuwa amechoka, bibi alikuwa na nguo za watu za kushona, na babu akachukua zamu yake: mtoto begani, kutoka sebuleni hadi uani, kutoka uani hadi sebuleni. Saa tisa na nusu, saa ya mezani ililia, na yeye akavaa shati la pasi akaenda kazini. Alilala kwa vipande, kama mtu anayekula makombo.

Mke wake, fundi cherehani mwenye jicho la kuona uzi uliokatika kutoka ng'ambo ya barabara, alikuwa wa kwanza kusema.

"Baba watoto, jana umetia chumvi kwenye chai."

"Nilitaka kuonja."

"Ukainywa yote."

"Nikishaonja nimwage?"

"Na juzi umemwitikia mtangazaji wa redio. Amesema habari za asubuhi, ukamjibu nzuri, karibu."

"Adabu hizo."

"Waambie wakupumzishe."

"Nitawaambia nini? Kwamba nabembeleza mtoto?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Mama watoto, mimi najijua."

"Kinyozi hajinyoi."

"Mbona mimi hujinyoa kila siku?"

"Ndiyo maana una kovu kidevuni."

Binti yao akacheka hadi kichanga kikashtuka. Yeye pia alicheka. Alilieleza hilo akiligusa kovu, na hakucheka tena.

Rubani msaidizi wake wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, ana miezi mitano kazini. Alikuwa mtulivu, mwenye kuandika mambo kwenye kijitabu. Yeye alimwita Binti, naye msichana akamwita Kepteni. Wiki ya kwanza alikuwa amemfundisha, kwa utani unaouma, kwamba katika chumba cha marubani mkono wa msaidizi haumgusi kepteni. Ukitaka kitu, sema. "Mimi si mlango, hunibishi hodi begani."

Ijumaa ya wiki ya tano tangu kichanga kifike nyumbani, safari ya nne, saa tisa alasiri. Jua lilikuwa upande wake, limelala mapajani kama paka. Ndege iko juu, imetulia, mtambo unajiendesha. Binti akaona mkono wa kepteni umeteleza kutoka gotini. Macho yalikuwa nusu wazi. Mnara ukaita, akajibu yeye. Ukaita tena, akajibu yeye. Walipofika pahali pa kuanza kushuka, akamwuliza kama waanze. Kimya. Akauliza tena. Akaambiwa, "Ngoja." Akangoja, kwa sababu neno la kepteni ni neno la kepteni. Akauliza mara ya tatu, akajibiwa kitu ambacho hakukielewa, kwa sauti laini ambayo hajawahi kuisikia kutoka kwa mtu yule. Hapo akaacha kuuliza. Akaanza kushusha ndege mwenyewe, akiwa amechelewa, akanyoosha mkono na kumshika bega, kinyume cha sheria aliyofundishwa.

"Nakusikia, nakusikia," kepteni akasema, akashika usukani kama mtu ambaye hakuuacha kamwe.

Walifika juu mno. Ikabidi wazunguke uwanja mara moja kabla ya kutua. Abiria mmoja akimteremsha mama yake ngazini akauliza, "Kepteni, mlikuwa mmepotea njia?" Watu wakacheka. Yeye akasema upepo.

Binti hakusema upepo. Jioni ile ile aliandika taarifa ya ukurasa mmoja na kuiweka kwenye sanduku la taarifa. Kwamba kepteni alilala kwa muda wa dakika kumi na moja hivi.

Jumatatu mkuu wa marubani aliwaita wote wawili. Ni mtu mnene, mkarimu, anayechukia ugomvi kuliko anavyochukia makosa. Kinasa sauti cha ndege hakikuwa na msaada: kile hubakiza saa mbili za mwisho na kujifuta, na ndege ilikuwa imekwisha ruka mara nyingine Jumamosi kabla hajaisoma taarifa. Likabaki neno dhidi ya neno.

"Kepteni, ulilala?"

"Sikulala."

Na hapa mzee alitaka nielewe vizuri, akaniinamia mezani. Hakuwa anadanganya. Aliikumbuka safari yote. Alimweleza mkuu kuhusu wingu jeupe upande wa kulia lenye umbo la kiatu, kuhusu Binti alivyofungua chupa ya maji, kuhusu mto uliokauka waliopita. Alikula kiapo kwa moyo mweupe. Miezi kadhaa baadaye ndipo alipotambua kwamba wingu lile lilikuwa la safari ya asubuhi, na chupa ilikuwa ya Jumatano. Akili ilikuwa imeona tobo, ikaliziba kwa viraka kutoka nguo nyingine, na ikamwambia nguo ni nzima.

"Ni msichana mzuri," alimwambia mkuu, Binti akiwa ameketi pale pale. "Nampenda kama mwanangu. Ila bado mgeni. Pengine aliyechoka ni yeye."

Mkuu akafungua jalada. Akatoa fomu. Za kepteni: mbili, mbili, mbili, zimepangwa kama meno. Ya Binti, ya Ijumaa ile: nne.

"Umeandika nne," mkuu akamwambia Binti, kwa upole.

"Ndiyo, mkuu. Nilikuwa nimechoka kidogo."

"Mwenzako yuko mbili."

"Ndivyo alivyoandika."

Mkuu akazigeuza fomu kwenye mwanga, akatabasamu. "Huyu ukimpima kwa mashine atatoka mbili."

Wakacheka wanaume wawili, marafiki wa miaka yote. Binti hakucheka. Alikuwa anazitazama zile fomu, wino ule ule, mwandiko ule ule, hata mkunjo ule ule wa bahasha. Kepteni alimwona akizitazama. Akaona kwamba ameona. Na akanyamaza.

"Usingizi sikuujua," aliniambia. "Mungu shahidi, sikuujua. Lakini fomu nilizijua. Pale mezani nilijua kabisa kwamba mkuu anamhukumu mtoto wa watu kwa karatasi nilizojaza nikisikiliza mpira. Hilo sikuwa nimelala."

Akasogeza kipande cha karatasi cha Alhamisi, akakirudisha.

Mkuu alimpa nakala ya taarifa ya Binti aisome kabla ya kutia sahihi maelezo yake. "Sina haja ya kuisoma," alisema, akatia sahihi, akaitumbukiza nakala kwenye mkoba. Binti akaondolewa angani. Akapelekwa kwenye mzani wa mizigo, avae fulana ya njano na kufunga vitambulisho kwenye masanduku, hadi kikao cha nidhamu kikae. Taarifa ya uongo dhidi ya kepteni ni kosa la kufukuzwa, na rubani aliyefukuzwa kwa uongo hapati kiti kwingine. Kikao kilipangwa Alhamisi ya wiki ya tatu.

Wiki hizo mbili na nusu alipita pale kwenye mzani kila siku, mara mbili. Alikuwa anamsalimia. "Hujambo, binti." "Sijambo, Kepteni." Mafundi wakatunga mzaha kwamba siku hizi msaidizi wa Kepteni Mbili anapima uzito wa maneno. Naye akatabasamu kwa mzaha huo. Alikuwa amepewa msaidizi mwingine, mwanamume aliyekuwa anajua kunyamaza.

Jumapili kabla ya kikao, mke wake alikuwa anafua. Akaumwaga mkoba wa mumewe mezani kutafuta shati lililoingia mchuzi, ikaanguka ile bahasha ya fomu, na ile nakala iliyokunjwa mara nne.

"Hii nini?"

"Porojo za kazini. Iache."

Ukimwambia fundi cherehani aache kitu kilichokunjwa, atakikunjua. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma barua zote za nyumba ile, huku yeye amekaa na kalamu mkononi, fomu sita mbele yake, kafika Ijumaa. Binti yao alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mtoto kifuani.

"'Nilimwuliza mara tatu kama tuanze kushuka. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili alisema ngoja. Mara ya tatu alisema...'"

Akarudia mstari kwa macho.

"Soma basi, si umeanza?"

"'Mara ya tatu alisema: Funga mlango polepole, kichanga kitaamka.'"

Redio ilikuwa inaendelea na mpira. Binti yao akaukamata mlango wa komeo legevu kwa mkono mmoja, akausindikiza hadi ukafunga bila sauti, kama alivyozoea, kama alivyokuwa akiambiwa kila usiku kwa maneno hayo hayo.

"Baba," alisema, "uliwahi kuwaambia kazini kuhusu huyu?"

"Sijamwambia mtu."

"Huyo dada anatujua?"

"Hapana, hajui lolote letu."

Mke wake akavua miwani. Alitazama taarifa, akatazama fomu zilizopangwa mezani, na kalamu.

"Na hizo," akauliza, "ni za siku gani?"

"Za wiki."

"Wiki ipi?"

"Ijayo."

"Kumbe umeshajua Jumamosi utaamkaje."

Hakupiga kelele. Aliichukua fomu ya Jumamosi, ikiwa bado tupu, akaiweka juu ya cherehani yake, akarudi kwenye beseni. Mzee alisema angependa zaidi kama angepigwa na shati bichi.

Unaweza kudhani alikwenda Jumatatu asubuhi kwa mkuu akasema yote. Mimi nilidhani. Hakwenda. Jumatatu alijiambia kwamba labda aliyasema akiwa macho, kwa mazoea, kama mtu anavyoimba bila kujua. Jumanne akaomba ruhusa ya siku mbili, akisema ana homa. Jumatano akaenda uwanjani akiwa na nguo za nyumbani, si kwa mkuu, bali kwenye mzani.

Binti alikuwa anafunga kitambulisho kwenye sanduku la bibi mmoja. Kepteni akangoja zamu yake kwenye foleni, bila mzigo.

"Una mzigo, Kepteni?"

"Nimeisoma taarifa yako."

"Leo?"

"Jumapili."

Binti akahesabu siku bila kuzisema. "Ehe."

"Ulikuwa sahihi. Nilikuwa nimelala. Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu."

"Mkuu anajua?"

"Nimekuja kwako kwanza."

Nyuma yake mwanamume mwenye masanduku matatu akauliza kama foleni inasonga au imekufa.

"Kepteni," Binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kazini, "radhi ya hapa kwenye mzani hainirudishi angani. Ukiniomba hapa nikakubali, wewe utalala vizuri leo. Mimi kesho nitafukuzwa."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Huenda hujui maana uliyokuwa nayo. Na mimi si mwanao. Naomba usogee, watu wana ndege."

Akasogea. Mwenye masanduku matatu akapita. Alisimama kando ya mzani, kepteni wa miaka kumi na tisa mwenye kandambili, na ndipo alipojua alichokuwa amekuja kukifanya: alikuja kuchukua msamaha wa bei nafuu, wa faragha, ambao ungemfanya ajione mtu mwema hata kama asingefungua mdomo kesho. Alikuwa amejipima tena mwenyewe. Alikuwa amejiandikia mbili.

Alhamisi kikao kilikaa saa nne asubuhi. Mkuu wa marubani, mwanamke wa utumishi, na mhandisi mmoja wa usalama ambaye hakuwahi kucheka. Binti amevaa sare yake ya rubani, imepigwa pasi kali, bila nembo mabegani. Kepteni akaomba kusema kabla ya kuulizwa.

Alisema kwamba alilala. Mkuu, kwa ule ukarimu wake, akataka kumwokoa.

"Kepteni, wewe huumwi? Umetoka kwenye homa. Pengine umechoka, hujui unalosema."

"Ndiyo, mkuu. Ndiyo ninachojaribu kusema."

Akaeleza kuhusu kichanga. Ilibidi aeleze na kwa nini kichanga kiko nyumbani kwake, na kwa nini alikificha, na kila neno lilitoka kama mwiba wa samaki. Akaeleza mlango wa uani na komeo. Mhandisi wa usalama akaitafuta ile sentensi kwenye taarifa, akaweka kidole juu yake, hakukiondoa.

Kisha akatoa bahasha mkobani, akapanga mezani fomu nne zilizobaki za wiki ile, pamoja na ya siku hiyo yenyewe na ya Ijumaa ambayo haijafika. Mbili, mbili, mbili, mbili.

"Hizi zote," alisema, "nilizijaza Jumapili. Na zile mlizomlinganisha nazo huyu rubani, nazo nilizijaza Jumapili. Yeye peke yake ndiye aliyejibu swali."

Mkuu alizitazama fomu. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayekumbuka kicheko chake mwenyewe. Mwanamke wa utumishi akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kepteni anajionaje leo, kutoka moja hadi saba.

Alikaa na swali lile mpaka yule mama akaandika mstari na kuendelea.

Binti alirudishiwa nembo zake saa sita mchana. Alipita karibu yake kwenye korido, akasema, "Ahsante kwa kusema," akaendelea na safari. Hakumkumbatia mtu. Kepteni alisimamishwa miezi sita. Ilipokwisha aliambiwa anaweza kufanya mtihani na kurudi, naye akaomba kazi ya kupanga zamu. Wengine walidhani anajiadhibu. Aliniambia si hivyo. Alijaribu kukaa kwenye kiti cha mafunzo, akajikuta kila dakika anajichunguza: sasa niko macho? na sasa? Na kila alipojijibu ndiyo, hakuliamini jibu. Mtu hawezi kurusha ndege akiwa hamwamini shahidi wake pekee. Ila ratiba anaweza kupanga, kwa sababu ratiba ni ya watu wengine, na watu wengine anawaona.

Ile desturi ya kuandikiana ni mapendekezo ya mhandisi wa usalama. Mzee aliongeza maswali tu: umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, nyumbani kuna nani anayelia? Mwanzoni marubani walilichukia hilo la mwisho. Siku hizi wanajibu bila kuulizwa. Mwenye mgonjwa anasema, mwenye harusi ya shemeji anasema. Na kila anayekaa kwenye meza hii ya zamu naye huandikiwa, kwa sababu anayechanganya ratiba anaweza kuchosha watu ishirini kwa kalamu moja.

Tulikuwa hapo aliposimama kidogo kunywa maji. Nikamwuliza, kwa mzaha wa msafiri aliyekwisha kusahau hasira yake:

"Na leo, mzee, wewe ungejiandikia ngapi?"

"Mbili," alisema.

Neno lilitoka kabla hajalishika. Nikaona likimrudia usoni. Akaitazama meza. Mzee wa miaka sitini, aliyekwisha kunisimulia yote hayo, alikuwa na haya kama mtoto aliyeshikwa na kijiko kwenye sukari.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nembo nne za ukepteni mabegani, kijitabu mfuko wa shati. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alimtazama kijana kwenye benchi, akamfunika mguu kwa koti, kisha akaniambia samahani kwa kunichelewesha, wa akiba amefika, tunaondoka baada ya robo saa.

"Mzee," alisema, "umefungua ofisi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Mwenzangu ana msiba."

"Na sasa saa tisa na nusu. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu mno kwa swali la namna hiyo.

Kepteni yule akavuta fomu mezani, akaandika tarehe, akaandika tano, akatia sahihi yake chini. Akaenda mlangoni kumwita msaidizi wa zamu aje ashike meza. Mzee hakubishana. Alivua miwani, akafungua saa ya mkononi, akaviweka kando ya simu. Benchi lilikuwa na mtu, kwa hiyo akaunganisha viti viwili.

"Dirishani au njiani?" akaniuliza, akiwa amekwisha kufumba macho.

"Dirishani."

Hakunijibu. Nilitoka nikaukamata mlango wa ofisi kwa mkono, nikausindikiza hadi ukafunga.